Aliyekalia Kipandio cha Chini

Bibi Grizel Tuckett aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, na kibakuli cha mafuta ya bata bukini mkononi.

"Lete huo mkono."

"Umeshapoa, Bibi."

"Nimeuliza kama umepoa? Nimesema ulete."

Tamsin Vowles akamhamishia mtoto paja la pili, akakunja mkono wa gauni. Alama ilikuwa bado ipo juu ya kiwiko, imeanza kugeuka manjano pembeni. Bibi Grizel akaipaka mafuta kwa vidole vilivyokomazwa na kusokota sufi, polepole, kama anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni.

"Washenzi wakubwa," akasema. "Kumkanyaga mama anayenyonyesha! Bristol nzima inasimulia. Hata mke wa muuza samaki, ambaye kila Jumapili huenda kusinzia katika Kanisa la Mfalme, kaniuliza, yule binti wenu wa kwenye ngazi anaendeleaje? Nikamwambia, yule? Yule ni nguzo."

Tamsin akainamia kichwa cha mtoto, akajifanya anamtoa kitu nyweleni.

Kundi lao halikusali katika Kanisa la Mfalme. Hawakubatiza vichanga, hawakusoma sala walizoandikiwa na wakubwa, na kwa hayo sheria iliwahesabu kuwa waasi. Walikutana ghorofani, juu ya ghala la fundi mapipa, na njia ya kupanda ilikuwa moja tu, ngazi nyembamba ya mbao. Wanawake ndio walioijaza ngazi hiyo. Walikaa kila kipandio, sketi zimetanda, vikapu magotini. Askari akitokea, aliyekaa chini kabisa aanzishe zaburi. Wa juu yake aidake, na wa juu yake tena, mpaka nyumba nzima iimbe, na asiinuke mtu. Hadi askari amalize kujipenyeza katikati ya magoti yale yote, aliyekuwa akihubiri nyuma ya pazia keshaketi kati ya wanaume, anaimba kama wenzake, na hakuna awezaye kuapa mbele ya hakimu kwamba mhubiri ni huyu.

Jumapili ile aliyekaa chini kabisa alikuwa Tamsin.

Ukweli wake ulikuwa mdogo kuliko walivyosimulia watu, na mbaya zaidi. Askari Pobjoy alitangulia peke yake, kofia mkononi. Alikulia mtaa wa nyuma ya kwao, Tamsin alimjua tangu utotoni.

"Kakua huyu," alisema kwa sauti ya chini, akimwangalia mtoto. "Ana meno?"

"Moja," Tamsin alijibu kabla hajafikiri.

"Hongera. Sasa tafadhali, mama Josias, simama kidogo nipite. Wenzangu wako nyuma na wale hawana adabu. Nisingependa mtoto aumie."

Tafadhali! Tamsin akasimama. Akajibanza ukutani, mtoto yuko titini, akampisha kama mtu anavyompisha jirani mlangoni. Ngazi ilikuwa giza. Wanawake wa juu hawakusikia zaburi, wakadhani anayepanda ni ndugu aliyechelewa, nao wakakusanya sketi zao. Ndipo askari wengine wakaingia mbio, wakampamia, kiwiko kikagonga nguzo. Zaburi ilipokuja kuanza, Pobjoy alikuwa keshalivuta pazia, na Mzee Obadia Tuckett, mume wa Bibi Grizel, bado kanyoosha mkono katikati ya neno.

"Alikuziba mdomo, siyo?" wanawake walimuuliza wakimwokota. Tamsin alikuwa analia. Kulia kwake wakakuchukua kuwa ndiyo.

"Jitande shali yako," Bibi Grizel akasema sasa, akifuta vidole. "Mzee anataka kukuona."

Walimkuta gerezani amekaa kwenye majani makavu, koti la mkewe mabegani. Alikohoa kwanza, muda mrefu, kabla ya kuweza kusalimu. Bibi Grizel akampitishia mkate na jibini kwenye nondo, akamgombeza kwa kutokula vya jana. Mzee akawa anamtazama Tamsin.

"Binti yangu. Nimesikia waliyokutenda kwa ajili yangu."

"Mzee, mimi..."

"Niruhusu nimshike kidogo."

Tamsin akamsogeza Josias karibu na nondo. Mzee akampa kidole, mtoto akakitia mdomoni na kukiuma kwa lile jino moja, na mzee akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Alipoondoa kitambaa mdomoni, akakikunja haraka. Lakini alichelewa. Tamsin aliona wekundu wake. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yakapotea.

Nje, Bibi Grizel akamshika mkono, ule mzima. "Jumapili hii hukai kwenye ngazi. Utakaa ndani, kwenye kiti changu, karibu na moto. Umeshatoa fungu lako."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumapili fundi mapipa mwenyewe alisimama nyuma ya pazia kuhubiri, na Tamsin akaketi kwenye kiti cha mke wa mhubiri, watu wakimtazama kwa upendo. Mmoja akampa mto. Hakuweza kuuegemea.

"Bibi Grizel yuko wapi?" akauliza.

"Chini kabisa. Amekataa mwingine akae pale."

Tamsin akainuka na mtoto wake. Akashuka ngazi akiomba radhi kila kipandio, akiruka magoti na vikapu, huku wakimnong'oneza, "Unakwenda wapi wewe? Kaa penye moto!" Chini akamkuta mama yule mzee, mgongo wake umepinda, anapuliza vidole kwa baridi. Akachuchumaa kando yake.

"Bibi, hawakunikanyaga. Hakuniziba mdomo. Aliniambia tafadhali, nikasimama nikampisha."

Bibi Grizel akautazama mlango wa barabarani.

"Aliuliza habari za jino la mtoto," Tamsin akaongeza, na aibu ikamchoma upya.

"Miaka yote hii," Bibi Grizel akasema, "nawafundisha nyinyi kuvumilia mateke. Na kumwagiwa ndoo za maji machafu. Kumbe Pobjoy ana akili." Sauti ikamkatika. "Mume wangu anatema damu, Tamsin."

"Najua. Niliona."

"Usitake nikwambie hakuna neno. Neno lipo." Akapangusa pua kwa kiganja. "Na mafuta yangu yale, bora ningejipaka magotini."

Nje viatu vikalia kwenye mawe ya barabara. Bibi Grizel akainuka kwa taabu, akamchukua Josias mikononi mwa mama yake.

"Kaa," akasema.

Tamsin akakaa. Mtoto akapandishwa mkono kwa mkono, juu ya vichwa vya wanawake, mpaka akamezwa na giza la ngazi. Bibi Grizel akaketi kipandio cha pili. Mlango ukafunguka.

"Mama Josias!" Pobjoy akavua kofia. "Wewe tena? Mtoto yuko wapi leo?"

Ulimi wa Tamsin, uliozoea kumjibu mtu vizuri, ukataka kujibu. Akaufungua mdomo akaanza zaburi. Aliianza juu mno, sauti ikapasuka kama ya jogoo mchanga. Nyuma yake Bibi Grizel akaidaka, na wa juu yake, na wa juu yake tena.

"Tafadhali," Pobjoy akasema. "Usinifanye nikuguse."

Huko ghorofani Josias akaanza kulia, kilio cha njaa. Maziwa yakamtoka Tamsin, yakalowesha gauni mbele ya macho ya askari yule. Akashika ubao wa kipandio kwa mikono miwili na kuimba, akijua kwamba zaburi hii ilistahili kuimbwa Jumapili ile, kwa ajili ya Mzee Obadia. Goti la Bibi Grizel likamgusa mgongoni, gumu kama jiwe, likabaki hapohapo.