Mkono Ulioinuka wa Kwanza

“Mkono aliuinua mwenyewe, jirani! Tena wa kwanza!” Mwenyekiti wa baraza jipya la walimu alifoka kutoka mlangoni kwake, taulo begani.

“Aliinua kwa kuwa mlimwambia mnaunda chombo cha kuwalinda walimu,” nikamrudishia, futi yangu ya kupimia nguo ikining’inia shingoni. “Ndiyo kumlinda huko? Kumtoa darasani?”

“Madaktari wana baraza lao. Mawakili wanalo. Sisi kila siku tunaambiwa kazi yetu anaiweza yeyote. Sasa tumepata baraza letu, na asiyesomea ualimu hafundishi. Kosa langu lipi?”

Tuliyekuwa tukimgombania, Bi Chaki, alisimama katikati yetu akitazama ukuta. Mlango wake ndio unaotenganisha yetu. Amefundisha darasa la kwanza tangu shule ilipokosa mwalimu ikamwokota yeye, msichana aliyetoka tu kumaliza masomo, wakamwambia shikilia kidogo. Akashikilia mpaka mvi. Chuo hajakikanyaga. Na baraza hilo yeye ndiye aliyelililia kuliko wote. Mikutano ya mwanzo ilifanyika chumbani kwake, viti vikiazimwa kwangu.

“Kwani ulidhani wanamsema nani?” nikamgeukia.

“Sikudhani.” Sauti haikupanda wala kushuka. “Waliuliza, mwalimu awe amesomea? Nikaona jibu ni ndiyo. Nikainua mkono. Nilipoushusha ndipo nikakumbuka ni mimi.”

Nikasubiri alie. Nilikuwa tayari kulia naye. Wapi!

Mwenyekiti akakohoa. Watoto wake wote wamepita mikononi mwa Bi Chaki. “Shangazi, wewe omba tu. Nitasema wakuache kwa uzoefu. Nani atakataa?”

“Na mwingine akiomba? Yule wa shule ya jirani anayeingia darasani amelewa, naye ana uzoefu.”

Nikacheka, nikajikuta nacheka peke yangu.

“Kesho nawakabidhi watoto,” akasema Bi Chaki. “Kuna yule anayejikojolea akiogopa. Mwambie mwalimu mpya asimsimamishe mbele ya wenzake.”

“Nitamwambia.” Mwenyekiti alikuwa akilikunja taulo na kulikunjua.

Bi Chaki akausukuma mlango wake, harufu ya maharage ikatoka.

“Mkeo yuko safarini, na wewe kupika hujui,” akamwambia. “Ingia ule. Na wewe mgomvi, ingia.”