Nyumba Yenye Chumba cha Baridi

Avelina aliporudi kijijini kwao Kate, Ufipa, baada ya kuishi Ulaya kwa muda uliotosha kumtia mvi, hakurudi na mume wala watoto. Alirudi na sanduku la chuma lenye jokofu ndani yake, akalipatia chumba kilichokuwa cha marehemu baba yake. Mama yake, Cornelia, aliwatazama wanaume wakilishusha garini kwa kuhema, akauliza kama ndani mna maiti.

"Mna vitambuzi vya mionzi, mama," alijibu Avelina. "Kule nilikokuwa kuna mashine ya duara iliyofukiwa chini ya ardhi. Humo chembe ndogo kuliko vumbi hukimbizwa, kisha hugonganishwa. Zikigongana, vipande vyake hutawanyika, nasi hutaka kujua vimeelekea wapi. Vitambuzi hivi ndiyo macho yetu."

"Na macho hayo yana nini hata yakaletwa Ufipa?"

"Yanaumizwa na mionzi ileile yanayoitazama. Mwisho hupofuka. Kazi yangu ni kujua yatapofuka lini."

"Ungeyapeleka kwa mganga wa macho," alisema Cornelia, "mimi nina ulezi wa kuanika."

Huo ulikuwa ndio mzaha wa mwisho kati yao kuhusu sanduku lile. Kazi yenyewe haikuwa na mzaha. Ndani ya sanduku mlikuwa na vitambuzi hivyo, vipande vyembamba vya silikoni vilivyokwisha kuchomwa kwa mionzi huko Ulaya, kwa makusudi, hadi vikawa na majeraha ya miaka mingi ya kazi. Avelina alivileta katika nyanda za juu kwa sababu chembe zitokazo angani, ambazo nazo huzaliwa katika migongano iliyo juu sana ya vichwa vyetu, huwafikia watu wa milimani kwa wingi kuliko watu wa pwani. Alitaka kuona kama macho yaliyojeruhiwa kiasi kile bado yanaweza kuziona zikipita. Sharti lilikuwa moja: visipate joto. Kipande kilichojeruhiwa kikipata joto, majeraha yake hubadilika, na vipimo vyote vya nyuma hukosa maana. Umeme ulipokatika, nao ulikatika mara kwa mara, ilimpasa Avelina kukimbia kuwasha jenereta. Hapakuwa na mtu mwingine Kate aliyejua afungue swichi ipi kwanza, na wenzake waliojua walikuwa ng'ambo ya bahari, nyuso ndogo katika kioo cha kompyuta.

Basi Avelina hakutoka.

Katika nchi ile, kila nyumba hutoa mtu mzima mmoja msibani. Mtu huyo huketi mkekani pamoja na wengine, huchota maji, huchanja kuni, huosha masufuria. Mzee akishindwa kutembea, mwanawe huchukua nafasi yake, na hakuna anayehitaji kuambiwa jambo hilo. Miguu ya Cornelia ilipoanza kuvimba, jumuiya yao ya kanisa ilingoja kumwona Avelina. Msiba wa kwanza alituma debe la unga. Wa pili akatuma unga na maharage. Silvana, jirani yao, mwanamke wa rika la Cornelia ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, alipita uani siku iliyofuata.

"Shikamoo, mama," alisema Avelina, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha baridi.

"Marahaba. Nimekuja kukuarifu kwamba unga wako ulifika. Ulikaa vizuri kabisa, haukusengenya mtu. Ila tulipoutuma kisimani ulikataa."

"Mama, siwezi kuiacha mashine. Ikipata joto, kazi yote inaharibika."

"Nasi tukifa tunapata baridi," alisema Silvana. "Sijui lipi ni kubwa."

Kisha alifariki Fabiani, aliyekuwa mwimbishaji wa kwaya parokiani. Cornelia alimwita bintiye, akamwonyesha kigoda aketi, na Avelina akaketi.

"Sikuombi makubwa," alisema Cornelia. "Nenda kwa Fabiani, ukae mkekani mpaka azikwe. Usiponiwakilisha sasa, nitakapokufa mimi, nani atakuja kunichimbia kaburi? Wewe? Kwa mikono hiyo ya kushikia nyaya?"

"Watakuja, mama. Wewe umewazika wazazi wao."

"Wazazi wao wamekwisha oza. Walio hai wanatazama walio hai."

Avelina aligeuka kuutazama mlango wa chumba cha baridi. Vipimo vilikuwa katika hatua ya mwisho, na umeme ulikuwa ukiyumba tangu asubuhi. Akapata wazo ambalo, kwa mtu aliyesoma hesabu, lilionekana kukamilika pande zote: nyumba ilidaiwa mtu mmoja mkekani, na nyumba ilikuwa na watu wawili. Alimpigia simu Muhidin, mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini aliyekuwa akiwaletea mafuta ya jenereta, akamwomba alete gari lake ampeleke mama msibani.

Muhidin alifika, akamtazama Cornelia alivyoketi na miguu iliyovimba, kisha akamtazama Avelina.

"Dada, mimi si wa jumuiya yenu, na sisi Waislamu tuna taratibu zetu za mazishi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini hata kwetu mgonjwa habebwi msibani huku mzima yupo. Panda wewe. Mimi nitakaa hapa nikilinde hicho chombo."

"Utafanya nini umeme ukikatika?"

"Nitakupigia simu."

"Na nikiwa njiani, kitakuwa kimekwisha pata joto."

Muhidin hakubishana zaidi. Cornelia naye alikuwa amekwisha anza kujiandaa. Alijifunga kitenge cha pili, akanyanyuliwa hadi kiti cha gari.

Yaliyotokea huko yalisimuliwa na Silvana, ambaye hakuacha kitu. Cornelia alishushwa mbele ya watu wote, akabebwa na vijana wawili, akalazwa mkekani kwa kuwa kukaa hakukuwezekana. Wanawake waliacha kuimba. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee Yusto, aliuliza kama binti ni mgonjwa. Cornelia akajibu kwamba yu mzima wa afya. Hakumsingizia ugonjwa, ingawa ungemwokoa.

"Nilibebwa kama gunia," Cornelia alimwambia bintiye aliporudi. Hakulirudia tena. Umeme, siku ile, haukukatika hata mara moja.

Cornelia alifariki mwezi uliofuata, katika baridi ya Julai, mchana, akiwa ameegemea ukuta karibu na moto jikoni. Avelina alikuwa chumbani akisoma vipimo. Alipotoka kumwuliza mama yake kama anataka chai, moto ulikuwa umebaki makaa.

Alitoka akamwarifu Silvana, naye Silvana akapiga yowe, kama ilivyo desturi. Lakini yowe lilipokwisha, uani hapakujaa watu. Walikuja wanawake wanne wazee, wakamwosha Cornelia na kumvika, wakaketi kando yake bila kumsemesha bintiye. Hakuna aliyekuja kupika. Avelina aliinjika mwenyewe sufuria kubwa la maharage. Alisonga mwenyewe ugali wa ulezi, mwingi, wa kuwatosha wachimba kaburi na waimbaji na wapita njia, mpaka mabega yakamwuma. Tangu alfajiri ya siku iliyofuata alikuwa akitazama njia. Hakuomba tena wamsamehe. Aliomba waje tu. Kaburi la mtu mzima, katika ardhi kavu ya Julai, mwanamke mmoja hawezi kulichimba.

Jua lilipopanda, wanaume walitokea wakifuatana, majembe begani, mzee Yusto akitangulia. Avelina alipiga magoti akawapigia makofi ya heshima. Yusto aliitikia kwa kichwa, akapita kuelekea makaburini.

Walichimba vizuri. Kuta za kaburi zilinyooka. Katekista alisoma, kwaya iliimba nyimbo zile ambazo Cornelia alizipenda, na udongo ulirudishwa kwa utaratibu mpaka tuta likainuka. Kisha Avelina akawakaribisha nyumbani waje kunawa mikono na kula.

"Binti," alisema Yusto, akilifuta jembe lake kwa nyasi, "tumemzika Cornelia. Alikuja kwa Fabiani akiwa amebebwa, na hilo hatutalisahau. Deni lake limekwisha. Pole sana."

Akaweka jembe begani. Wengine wakamfuata. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyetema mate. Waliondoka kama watu wanaotoka ibadani.

Silvana ndiye aliyebaki nyuma kidogo, akikung'uta vumbi kwenye kitenge.

"Mama," alisema Avelina, "yupo mgonjwa yeyote mtaani?"

Silvana aliacha kukung'uta. "Swali gani hilo? Unatafuta msiba kama mtu anayeuliza ratiba ya basi?"

"Nataka kuja. Nitakizima chombo."

"Ungekizima mwezi uliopita, ningekukumbatia hapa hapa." Silvana akashusha sauti. "Utakaposikia yowe, njoo. Usije na unga. Kaa nyuma, wala usingoje kusemeshwa. Huenda ukakaa hivyo misiba mingi."

"Utakuja kula japo kidogo?"

"Leo siwezi, mwanangu. Wote wataniona."

Avelina alirudi nyumbani peke yake. Chumbani, vitambuzi vilikuwa vikifanya kazi. Macho yaliyojeruhiwa yalikuwa bado yanaona: chembe baada ya chembe, kila moja ikiacha alama yake kwenye kioo, safi, isiyo na shaka. Wenzake walikuwa wamekwisha kuyaona matokeo hayo na kumwandikia maneno ya furaha. Aliyasoma yote, asijue amjibu nani kwanza, akaacha.

Akaenda jikoni. Ugali ulikuwa umefunga utando juu, na maharage yamepoa. Alichukua sahani moja, akajipakulia, akaketi sakafuni, akaanza kula chakula cha watu wengi.