Chumba Nilichopimiwa

Mkono wa binti yangu ulikuwa ukitambaa juu ya kiti changu. Kidole gumba kilitangulia, cha mwisho kikajinyoosha kukifuata, vikafuatana hivyo hivyo kutoka mwanzo wa mkono wa kiti hadi mwisho wake. Na muda wote huo mdomo wake ulikuwa ukinisimulia habari za jirani aliyenunua mapazia ya rangi ya nyanya mbovu. Nilijibu yaliyopaswa kujibiwa kuhusu mapazia. Sikuutazama mkono. Lakini nilijua, kama mpishi anavyoijua sufuria inayoanza kuungua kabla moshi haujaonekana, kwamba nilikuwa ninapimwa.

Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha.

Nilikuwa mkuu wa chumba cha ukataji katika kiwanda cha sare, na kabla ya hapo nilishona nyumbani. Tangu zama hizo za cherehani ya kukanyaga, kanuni yangu ilikuwa moja: mteja anayejua kwamba anapimwa hudanganya. Hubana tumbo, hunyoosha mgongo, huinua kidevu, nawe ukamshonea gauni mtu asiyekuwepo. Mzungumzishe. Mpe kikombe akishike. Mpime kwa jicho na kwa shibiri, utepe uje baadaye kuthibitisha tu. Binti aliishika kanuni hiyo alipokuwa msichana wa kuokota vipande vya vitambaa sakafuni, kisha akaenda kusomea uuguzi, nikadhani ameisahau.

Hakuisahau. Jioni ile aliendelea na kitanda changu, akijifanya anatandika shuka. Akasimama karibu nami mlangoni, bega kwa bega, akacheka bila sababu, na jicho lake likaruka kutoka utosini mwangu hadi kwenye fremu ya mlango. Nilikuwa nimetoka kazini muda si mrefu. Hata viatu sikuwa nimevua.

Mwanamke aliyebakiza wiki chache astaafu, anayepimwa kwa siri na mtoto wake mwenyewe, anapimiwa nini? Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa jeneza. Nililifukuza. Likarudi na kuketi.

Kesho yake nilimweleza mwenzangu wa meza ya pili, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mkasi kwa sababu hakuna jambo lililopita mbele yake likabaki zima.

"Wanakugawana, shoga," alisema, huku akipiga chaki kwenye kitambaa. "Wanakugawana ungali unapumua."

"Mwanangu si mtu wa hivyo."

"Yupi? Yule nesi au yule dalali?"

Niliinamia kitambaa changu. Mwanangu wa kwanza kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba. Ni mtoto mchangamfu, mwenye simu mbili na funguo za watu wengi, ambaye hawezi kuingia chumbani mwa mtu bila kukitafutia mpangaji kichwani. Wiki hiyo hiyo alikuja kwangu, akaniamkia kwa heshima zote, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Mama, hati ya nyumba umeiweka mahali pazuri?"

"Pazuri."

"Pazuri wapi, mama?"

"Panapofaa kuwekwa hati."

Akacheka, akatazama dari. Alikuwa akitafuta ufa, namjua. Alipoondoka nilihamisha hati kutoka chini ya godoro, nikaishonea ndani ya mto wa kochi, kwa mishono midogo ambayo hata mimi ningehitaji miwani kuifumua.

Wakati huo kiwanda kilikuwa kikituandalia semina za kujiandaa kustaafu. Afisa utumishi, msichana mwenye sauti ya upole na viatu vilivyombana, alisimama mbele yetu wazee wa chaki na mikasi akatuhimiza tusiile pensheni kabla haijafika, tusianzishe biashara tusiyoijua, na juu ya yote tuwashirikishe watoto wetu. "Wazazi wangu, waambieni mipango yenu," alisema. "Msiwafiche." Mkasi alinikanyaga mguu chini ya meza, tukatazamana, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake hatamwambia mtoto yeyote jambo lolote.

Kwani mpango nilikuwa nao. Kiwanda kilikuwa kinauza cherehani zake za zamani, na nilikwisha kuagiza tatu. Chumba changu cha mbele kina dirisha pana linalotazama barabara, lenye mwanga wa asubuhi ambao hauongopi rangi. Hapo ningeweka meza ya kukatia, nifundishe wasichana wachache kazi safi, niamke kila siku nikiwa na mahali pa kusimama. Nyumba ile niliijenga mimi, baada ya baba yao kufariki, chumba kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeunga vipande. Sikuwa tayari kusikia kuihusu neno "lakini" kutoka kwa watu niliowafunga nepi.

Jumamosi moja nikiwa dirishani niliona mume na mke wamesimama upande wa pili wa barabara. Mume alinyooshea kidole bati langu. Mke alitembea kutoka kona hadi kona ya ukuta kwa hatua ndefu zisizo za kawaida, kisha akachungulia uani. Nikatoka.

"Niwasaidie nini?"

"Tumepotea njia, mama," alisema mume.

"Mlikuwa mnakwenda wapi?"

Mume akaonyesha kushoto. Mke, papo hapo, akaonyesha kulia.

Tangu siku hiyo sikulala fofofo. Nilianza kuyapima maneno ya wanangu kama nilivyopima vitambaa vya wauzaji wapya: nikiyavuta, nikiyakunja, nikiyatazama kwenye mwanga. Binti aliponiletea dawa ya magoti, nilisoma maandishi yote ya pakiti. Aliponiuliza kama vidato vya kwenda bafuni, kule nje, huwa vinateleza mvua ikinyesha, nilimjibu kwamba vidato vyangu vina adabu. Akanitazama. Macho yake yalikuwa yamechoka, nami nikajiambia kwamba hata mwizi huchoka.

Siku yangu ya mwisho kiwandani walinipa saa ya ukutani na hotuba. Mkasi alilia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilipotoka getini, na mfuko wa saa mkononi, nilikuta gari la mwanangu linangoja, binti yangu akiwa ndani.

"Panda, mama," alisema. "Kuna kitu tunataka ukione."

Nilipanda. Nilishika kitasa cha mlango safari nzima.

Walinipeleka nyumbani kwa binti, wakanizungusha hadi nyuma ya nyumba. Palikuwa na chumba ambacho sikuwa nimekiona kamwe: ukuta mpya, dirisha jipya, harufu ya rangi na ya mbao mbichi. Sakafu ilikuwa ya vigae vilivyokwaruzwa ili visiteleze. Nilivua viatu vyangu mlangoni, vile vya kazi, vya soli nene kama mkate, ambavyo kila mkataji huvivaa ili sakafu ya saruji isimle miguu. Nikaingia pekupeku.

Hapakuwa na jeneza. Palikuwa na kitanda, kiti chenye mikono, rafu ya vitabu na ya miwani, kulabu ya kanga, na bafu la ndani lenye chuma cha kushikia. Kila kitu kilikuwa kimechongwa na fundi kwa ajili ya mtu mmoja. Nilisimama katikati ya chumba, nikazielewa zile shibiri zote. Na bado, chini ya shukrani, kulikuwa na kitu kidogo kilichoendelea kunong'ona.

"Kaa, mama," binti alisema. "Jaribu kitanda."

Nikakaa. Visigino vyangu havikugusa sakafu.

Nikasimama, nikanyoosha mkono kwenye rafu. Vidole vyangu viliishia ukingoni mwa ubao. Nikaijaribu kulabu, ikanipita pia, kwa kiasi kile kile.

"Fundi huyu mjinga!" mwanangu alisema. "Si kitu. Tutaleta kigoda."

Lakini binti hakuwa akimsikiliza. Alikwisha kupiga magoti sakafuni, akanirudisha kitandani kwa upole, akavishika visigino vyangu vinavyoning'inia kwa viganja vyake viwili, kama wanavyoshikwa wagonjwa wodini. Akageuka, akavitazama viatu vyangu kule mlangoni.

"Nilikuwa nakuja jioni," alisema polepole. "Kila mara ulikuwa umetoka kazini."

"Ulimpima mkuu wa ukataji," nilimwambia. "Amestaafu leo."

Hakuna aliyecheka, hata mimi niliyesema.

"Mama, mimi nawapokea," aliendelea, bila kuviachia visigino. "Kila siku wanaletwa, nyonga zimevunjika, wengi wao bafuni. Kila akiletwa bibi wa umri wako natazama uso kwanza. Unajua hilo? Natazama uso kabla ya kutazama jeraha."

Sikuwa nikilijua. Niliweka kiganja changu kichwani pake, nikakiacha hapo. Kisha nikamgeukia kaka yake, kwa sababu mnong'ono ule haukuwa umenyamaza.

"Na wewe. Umemwahidi nani nyumba yangu?"

"Nyumba? Hakuna ahadi, mama. Ni maongezi tu. Nyumba haiwezi kukaa tupu, ukishahamia huku—"

"Maongezi hayo yana arubuni?"

Alifungua bomba la bafu, akalifunga, akasifu msukumo wa maji.

"Kaka?" binti alisema, na sauti yake ilikuwa mpya kwangu. "Umepokea malipo ya nyumba ya mama?"

"Kidogo. Ya kushikia nafasi."

Binti aliinuka. Nilitambua, kwa namna alivyoifuta mikono yake kwenye gauni, kwamba yeye hakuwa akijua. Kwamba nilikuwa nimewashuku wawili kwa kosa la mmoja. Nilivaa viatu vyangu nikiwa nimesimama, bila kushika ukuta.

"Warudishie wale waliopotea njia," nilimwambia mwanangu. "Leo. Jumatatu cherehani zangu tatu zinaletwa, na chumba cha mbele kina kazi."

"Cherehani? Mama, si umestaafu?"

"Nimestaafu kiwandani."

Alirudisha. Najua, kwa sababu nilimtaka yule mke aje mwenyewe anithibitishie, naye akaja na hasira zake zote, tukazimaliza kwa kikombe cha chai. Baadaye alimleta binti yake ajifunze kukata. Vidato vya bafuni nilivijengea ukuta na chuma cha kushikia, fundi akiwa yule yule, nami nikiwa pekupeku mbele yake, nimenyooka wima, nikimwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe pa kukifunga.

Hayo ni ya miaka mingi sasa. Meza yangu bado iko dirishani, ingawa mikasi mizito nawaachia wasichana. Kila nikienda kwa binti huona chumba kile cha nyuma, kimefagiliwa, pazia limefungwa. Mwanangu, ambaye chumba kitupu humuuma kama jino bovu, amemletea dada yake wapangaji hodari, watu wa kazi zao, wasiopiga kelele. Wote wamejibiwa kwamba chumba kina mtu.

Mwezi uliopita nilimuuliza binti mtu huyo ni nani.

Akaniambia ninywe chai, inapoa.