Ubao wa Nyuma

Siku tatu nilikaa kwenye ngazi ya karakana yangu nikimtazama mdogo wangu akihangaika na injini mpya, na siku zote tatu nilizifurahia. Sitajifanya mtakatifu. Nilikunywa chai yangu taratibu, na kila injini ilipopiga kelele huku mashua imekaa palepale kama ng'ombe aliyegoma, roho yangu ilisuuzika.

Mdogo wangu tunamwita Kapteni, jina alilojipa mwenyewe. Injini yake ilikuwa inawaka vizuri, na ikienda polepole mashua ilisogea. Akiongeza mwendo tu, injini inalia na mashua haiendi popote. Alibadilisha plagi. Akamwaga petroli yote akaweka nyingine. Akafungua kabureta ambayo haikuwa na kosa lolote, akaifunga, ikabaki skrubu moja mkononi. Akaibeba injini hadi dukani, fundi wa duka akaitumbukiza kwenye pipa la maji, ikanguruma safi.

"Injini nzima hii," fundi akamwambia. "Kaangalie mashua yako."

Lakini mashua ndicho kitu ambacho Kapteni hakukijua.

Ilikuwa ya baba. Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili baba alipata injini kuukuu yenye mguu mrefu, na pangaboi la kusukuma mashua likawa linazama mno. Yeye mgongo ulikuwa umeshamshinda. Mimi ndiye niliyeuinua ubao wa nyuma, ule unaobeba injini. Nilipachika kipande cha mbao juu yake, upana wa kiganja, nikakikaza kwa bolti nne, nikafunika kila kitu kwa puti na rangi. Kapteni, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikuwa ananishikia spana. Baba alikaa kwenye kiti akisema, "Kaza, mwanangu, kaza."

Baba alipofariki ndugu walikaa kikao sebuleni kwetu, na Kapteni akala kiapo kwamba ubao ule waliuweka yeye na marehemu. "Dada alikuwa anatushikia spana tu," alisema. Mama akaitikia kwa kichwa. Baba mdogo, aliyeongoza kikao, akaamua kwamba aliyeitengeneza mashua na baba ndiye wa kuirithi. Mimi nikapewa sanduku la spana, kwa kuwa ndizo nilizozoea kushika. Watu walicheka. Miaka sita nilikuwa nacho kicheko kile, kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ushahidi nilikuwa nao siku ile. Niliumeza kwa sababu ulikuwa na kosa langu la zamani ndani yake, kosa la nyumbani, na niliona haya mbele ya mama.

Sasa Kapteni alikuwa ameuza injini ya baba akanunua mpya, yenye mguu mfupi. Mguu mfupi juu ya ubao ulioinuliwa, pangaboi linakaa karibu na uso wa maji, linavuta hewa na kuzunguka bure. Nililiona hilo siku ya kwanza, chai haijapoa.

Alhamisi daktari wa zahanati ya ng'ambo ya ziwa alikuwa anakuja kujaribu mashua, apate ya kuvusha wauguzi wake kila siku. Jumanne mama akaja karakana, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Mwanangu, mdogo wako anaaibika."

"Naona, Mama."

"Na wewe mambo haya unayajua."

"Mimi? Mimi si nashika spana tu?"

Hasira ya miaka sita ilikuwa imeshakula haya yangu yote, na kosa lenyewe sasa nililiona ni la kuchekesha tu.

"Nitakuja kesho asubuhi," nikamwambia. "Lakini aje baba mdogo, na wote waliokaa kikaoni. Bila wao sigusi hata nati moja."

Walikuja. Baba mdogo na fimbo yake, shangazi wawili na miavuli yao, mama nyuma yao. Mashua ilikuwa imevutwa nchi kavu, na injini nilikuwa nimeshaishusha chini.

"Dada, we tengeneza tu," Kapteni alisema. "Maneno ya nini?"

"Ubovu uko kwenye ubao wa nyuma. Ule ulioweka wewe. Nionyeshe bolti ziko wapi, nifungue."

Akapapasa rangi. Akaonyesha pembeni kushoto. Nikachokoa kwa patasi, mbao tupu. Akaonyesha katikati, mbao tupu. Shangazi mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

"Labda marehemu alitumia misumari," Kapteni akasema.

"Bolti nne," nikasema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Mbili hapa, mbili hapa. Na hatukuwa na washa za kukalia nati, kwa hiyo chini ya kila nati kuna kipande cha bati nilichokata kwa mkasi. Nilikikata kwenye kifuniko cha sufuria kubwa ya mama."

Nikachokoa. Puti ikatoka vipande vipande, nati ya kwanza ikaonekana, kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Nikazifungua bila haraka. Kila kipande cha bati kilipotoka nilikifuta na kumwekea mama kiganjani. Cha nne kilikuwa bado na ukingo uliokunjwa wa kifuniko.

Baba mdogo alimgeukia Kapteni. "Kumbe ulitulisha uongo na kaburi bado bichi?"

Kapteni aliinamisha kichwa. Siku za mwizi arobaini, na mimi nilikuwa nimezihesabu zote. Nikatoa kile kipande cha juu, nikaziba matundu, tukaisukuma mashua majini, nikaifunga injini pale chini inapostahili na kuondoka peke yangu. Nikaongeza mwendo. Pangaboi likauma maji, pua ya mashua ikainuka, nikakata ziwa. Nilizunguka mara mbili, na mara ya pili haikuwa na kazi yoyote ila kuwatambia.

Niliporudi baba mdogo alisema mbele ya wote kwamba mashua ni yangu. Nikatafuta uso wa mama. Kusema kweli, kwa miaka sita nilichotaka kuliko mashua ni mama aniambie kwamba alinikosea.

Mama hakuwa ananitazama. Alikuwa anakigeuza kile kipande chenye ukingo.

"Nilikuchapa kwa ajili ya kifuniko hiki," alimwambia Kapteni.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa mwiko, kisha kwa mkanda wa baba yako. Ukawa unalia kwamba si wewe. Nikakuongeza, nikidhani unasema uongo." Ndipo akanigeukia. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikageuzia macho mashua.

"Mlangoni," Kapteni akajibu. "Alikuwa amesimama mlangoni. Vipande nilishaviona kwenye mfuko wa ovaroli yake, ila sikumtaja." Sasa alikuwa ananitazama mimi. "Siku nilipokula kile kiapo, Dada, nilijiambia tumelingana."

"Fimbo za siku moja na mashua ya baba, ndiyo kulingana?"

"Mkuki kwa nguruwe, Dada," akasema.

Mama akamwekea mkono mgongoni, mwanamume mzima mwenye mvi masikioni. "Nisamehe, mwanangu," akamwambia. Akaupapasa mgongo ule taratibu, kama vile alama bado zipo. Mimi nilisimama na spana mkononi nikingoja zamu yangu. Haikuja.

Kapteni akalegeza vishikio, akaipandisha injini begani. Ilikuwa yake, hakuna aliyebisha. Mama akambebea mpira wa mafuta.

Alhamisi daktari alifika mapema, kaptula yake imepigwa pasi.

"Mashua ya nani?"

"Yangu."

"Na injini?"

Nikamwonyesha baraza ya mama, kule juu, ilikoegemezwa ukutani. Kapteni alikuwa amekaa kando yake anakunywa uji.

"Ya mdogo wangu ile."

"Baba mmoja, mama mmoja?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

Daktari alitazama mashua, akatazama baraza, akashukuru kwa adabu na kwenda kutafuta mashua nyingine. Nikaingia chini ya ubao wa nyuma kukaza upya bolti zinazoushikilia kwenye mashua, maana zilikuwa zimelegea na kazi ni kazi. Nati ya pili ilikuwa ngumu. Nikanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama enzi zile, nikasema, "Spana ya kumi na tatu." Mkono ulikaa wazi muda mrefu kabla sijakumbuka.