Ndala za Aji Shevanta

Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa Babasaheb, mtetezi wa watu wa tabaka la chini, lori la muziki la akina Gajbhiye huzunguka mji likinguruma, na kila mwaka likifika kona ya mtaa wa akina Patil, watu wa tabaka la juu, huzimwa kama redio ya msibani. Mwaka huu dijei alikuwa Pradnya, naye alikuwa ameapa: halizimwi. Bibi yake, Aji Shevanta, alikuwa ametunga wimbo na kuurekodi kwenye simu, wimbo wa msichana aliyepita mtaa huohuo ndala mkononi, kwa sababu watu wa tabaka lake hawakuruhusiwa kuvaa viatu mbele ya milango ile. Msichana huyo alikuwa Aji mwenyewe. Pradnya alitaka wimbo usikike pale pale, si kwingine.

Shida ilikuwa besi. Sauti ya Aji ni nyembamba, na ngoma waliyoipachika chini yake iliimeza nzimanzima. Wiki nzima Pradnya alipunguza kitufe cha besi na kupandisha cha sauti za kati, na wiki nzima baba yake mdogo Maroti, mwenye lori, alivirudisha.

"Bila besi watu watacheza na nini, mwanangu? Hiyo ni dengu bila chumvi!"

"Na wewe unataka chumvi bila dengu, baba mdogo."

Siku yenyewe, walipofika konani, inspekta wa polisi aliwasimamisha, kipimo cha sauti mkononi. Nyuma yake mzee Patil aliketi barazani akinywa chai.

"Wewe binti! Kuanzia hapa besi marufuku. Madirisha ya watu yanatetemeka."

"Besi tu, bwana inspekta?"

"Besi! Hicho kishindo chenu. U kiziwi?"

"Zima tu, mwanangu, tupite kwa amani," Maroti alinong'ona.

"Amani gani ya kunyata? Hajasema zima. Amesema besi."

Pradnya aliinamia vitufe vyake. Aliuingiza wimbo wa Aji, akazungusha kitufe cha besi hadi sifuri, akapandisha za kati. Madirisha yakanyamaza. Katika spika kumi na sita ikatoka sauti ya bikizee, kavu, kila neno peke yake, hadi majikoni kwa watu:

*Nilipita hapa ndala mkononi,*
*mawe ya mtaa huu yanazijua nyayo zangu.*

Patil aliweka kikombe chini. "Zimeni hiyo!"

Inspekta akatazama kipimo, akakigonga kwa kidole, akakitazama tena. "Kiko chini, mzee. Besi hamna."

Ndipo wanawake waliokuwa nyuma ya lori wakaanza kupiga miguu chini, ndala na viatu, wote pamoja. Wazee wakafuata. Vumbi likatimka na madirisha yakaanza kutetemeka upya. Inspekta aligeuka huku na huku akitafuta kitufe cha kuwazima.

Aji, aliyekuwa amekaa juu ya lori, aliomba ashushwe. Maroti alimshika mkono, macho yamemlowa. Bibi alivaa ndala zake mpya taratibu, akatembea katikati ya barabara hadi mbele ya baraza ile, akasimama.

"Pradnya!" aliita bila kugeuka. "Rudia ubeti wa kwanza. Patil amezeeka, masikio yake mazito."

Pradnya akaurudisha wimbo mwanzo, na kitufe cha besi akakiacha palepale kwenye sifuri.