Vidonge vya Kumpunguza Swaumu

Mume wangu Shomari alirudi kutoka Dar es Salaam na chupa ya vidonge laini vya manjano, ndani yake mafuta ya samaki. Rafiki yake wa bandarini alimwapia kwamba vinayeyusha unene. Nimeze vitatu kila siku, mwezi mzima.

"Kwani unene wangu umekukosea nini?" nilimwuliza.

"Swaumu, mwezi ujao tunachagua balozi wa nyumba kumi, nami nagombea. Watu wakikuona wewe watasema mimi ni kupe, nawanyonya wenzangu. Usipopungua, naoa yule binti wa Urambo. Yeye mwembamba."

Mwembamba! Mimi nilipoposwa pale Gongoni nilikuwa kama ufito. Mama yake Shomari akaniweka ndani siku arobaini, asubuhi samli, jioni uji wa karanga, nisiguse hata ufagio, eti mwanawe hataki bibi harusi wa mifupa. Siku ya kutolewa Shomari alinitazama akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana. Kazi waliyoifanya wao, leo lawama nibebe mimi.

Lakini nilikuwa nampenda, na uke wenza siutaki. Nikameza. Nikawa nacheua samaki hata nikiwa kwenye sala. Baada ya wiki mbili gauni lilizidi kunibana, nikaenda kliniki ya watoto kumwona muuguzi Bertila. Nilimkuta akiwanywesha watoto waliokonda, kijiko kimoja kimoja. Harufu niliijua kabla sijaiona chupa.

"Dada Bertila, hayo si mafuta ya samaki?"

"Ndiyo. Yanawasaidia hawa warudishe mwili."

Nilimpa chupa yangu. Akaigeuzageuza.

"Mafuta ni chakula, mama. Yana faida yake mwilini, sikatai. Lakini kupunguza unene? Wapo wanaosema, mimi sijaona. Ukiyameza juu ya ugali wako ule ule, umeongeza tu."

Nilimweleza Shomari. Akasema Bertila ana wivu na vitu vya Dar.

Mwezi ulipoisha, siku ya kunipima Shomari aliichagua mwenyewe: Jumamosi asubuhi, duka la ushirika, kwenye mizani ya magunia ya karanga, watu wamejaa kwenye foleni ya sukari. Alitaka waone nyumba yake inavyojifunga mkanda. Mwezi uliopita mizani hiyo ilisema kilo tisini na moja. Nikapanda. Karani Lugembe akasogeza chuma, akakohoa.

"Tisini na tatu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Shomari hakucheka. Alininyooshea kidole mbele ya wale wale aliotaka wamchague.

"Basi, Swaumu. Naoa."

Machozi yakanitoka, sikuyafuta, wala kwenye mizani sikushuka.

"Oa," nilimwambia. "Mwili huu mliutaka wenyewe, mkaulisha, mkaupigia vigelegele. Leo unawatia aibu, mnaupima kama gunia. Sipimwi tena. Niandikie talaka yangu hapa hapa. Lugembe atakupa kalamu."

Kicheko kikakatika. Shomari aliitazama kalamu kama mtu asiyejua kuandika.

"Twende nyumbani, mke wangu, tukazungumze," alisema kwa sauti ndogo.

"Andika."

Aliandika, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Nikashuka, nikaichukua karatasi yangu, nikaenda kwa mama yangu, kule Itetemia, kwa miguu, katikati ya barabara, na kilo zangu zote tisini na tatu.