Mtungi wa Kupigia Picha

Mvua ilikuwa imekataa kukatika tangu alfajiri, kwa hiyo Bi Kijiko alibandika maharage kwenye jiko la mkaa ndani, katika korido nyembamba ya nyumba ya kupanga, akawa anapepea kwa kipande cha boksi. Mkaa wenyewe ulikuwa umelowa. Ulitoa moshi tu, na moshi ule ulijua njia: ulipita chini ya pazia, moja kwa moja hadi kitandani kwa mama mkwe wake.

"Mwanangu," sauti ikatoka ndani, ikakatwa na kikohozi. "Leo unapika maharage au unanipika mimi?"

"Vumilia kidogo, Mama. Moto unashika sasa hivi."

Moto haukushika. Bibi kizee alikuwa na pumu, na tangu mtungi wa gesi uishe alikuwa akilala ameketi, mgongo ukutani, akipumua kama anayevuta kamba kisimani. Bi Kijiko aliupeleka mtungi dukani akakuta bei imepanda tena, akarudi nao mtupu kichwani. Mafundi wa gereji ya jirani, waliokuwa wateja wake wa mchana, hawakujua habari za gesi wala za mkaa. Walijua njaa. Jina la Bi Kijiko walimpa wao, kwa sababu hakuwahi kumpakulia mtu bila kumwongezea kijiko kimoja cha juu. Siku hizi hata hicho kijiko mkono ulikitoa kwa kusitasita.

Ndipo mwenyekiti wa mtaa alipopiga hodi, mwavuli mkononi. Nyuma yake walisimama afisa habari wa wizara, mpiga picha, na dada mmoja aliyetambulishwa kuwa mtaalamu wa miamba. Wabebaji wawili walishusha mtungi mpya wa gesi, mkubwa, unang'aa kama sahani ya wageni.

"Umechaguliwa, Bi Kijiko," mwenyekiti akasema. "Usiniangushe."

Afisa habari akaeleza kwa sauti ya jukwaani. Baada ya miaka mingi ya kudai, tume ya kimataifa imekubali kwamba sakafu ya bahari iliyo mali ya nchi inaendelea mbali sana, kupita mpaka wa zamani. Huko chini huenda kuna mafuta na gesi. Sherehe i karibu, na filamu inamtaka mwananchi wa kawaida, mwenye jiko la kawaida, awashe gesi huku akitabasamu.

Katika maneno yote hayo Bi Kijiko alishika moja: gesi. Wabebaji waliunganisha mpira kwenye jiko lake la plati mbili lililokuwa chumbani, wakafungua koki. Kiberiti kikapigwa, moto wa buluu ukasimama. Hakungoja kuambiwa, alikimbilia sufuria koridoni, akaibandika.

"Mungu awazidishie, wanangu," mama mkwe akasema, akijifuta machozi ya moshi. "Kumbe tunakumbukwa."

Hakuna aliyemsahihisha.

Wakati mpiga picha akihangaika na taa zake, mtaalamu aliketi ukingoni mwa kitanda. Bibi kizee akamgeukia.

"Binti, hayo maji mliyopewa ni mengi?"

"Maji hatukupewa, bibi. Maji ya huko ni ya watu wote. Yetu ni ile sakafu ya chini."

"Yaani tumepewa sakafu, nyumba ni ya wengine." Bibi akacheka hadi akakohoa. "Na gesi mmeiona?"

Dada yule alimtazama afisa habari, kisha akaangalia mikono yake. "Bado. Meli ilipita ikipiga mlio chini, tukasikiliza mwangwi unavyorudi kutoka kwenye miamba. Dalili zipo. Lakini hatujatoboa hata tundu moja, na kina cha huko ni kirefu mno. Kama ipo, itachukua miaka kumi. Labda kumi na tano."

"Mtaalamu," afisa habari akakohoa, "hayo si ya leo."

Bi Kijiko akapewa sentensi yake: "Bahari yetu imekua, na jiko langu halitazimika tena." Mara ya kwanza alijikwaa. Mara ya pili akasahau kutabasamu. Ya mwisho ikatoka vizuri, wakapiga makofi, taa zikazimwa.

"Haya, uchomoeni mtungi," afisa habari akawaambia wabebaji. "Tunaupeleka nyumba inayofuata."

Bi Kijiko alidhani hakusikia vizuri. Uso ulimwaka, si kwa joto la jiko. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya mtungi.

"Maharage hayajaiva."

"Mama, tuna ratiba."

"Na mimi nina watu wa kulisha."

"Huu ni mtungi wa serikali!"

"Na haya ni maharage ya wananchi."

"Bi Kijiko, unaniaibisha," mwenyekiti akanong'ona. "Nitalikumbuka hili."

"Likumbuke, Mwenyekiti. Mimi nimeambiwa ningoje miaka kumi na tano, gesi yenyewe hakuna aliyeiona. Nyinyi ngojeni maharage. Haya hapa, yanachemka mbele yenu."

Mpiga picha aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Mtaalamu akavua koti lake la mvua, akalitundika msumarini, akaketi tena. Wakangoja, afisa habari akitazama saa, mvua ikipiga bati.

Punje ilipobonyea kati ya vidole, Bi Kijiko aliifunga koki kwa mkono wake mwenyewe, asije mtu akasema amenyang'anywa. Wabebaji wakaunyanyua mtungi, wakatoka nao.

Bibi kizee, aliyekuwa amesinzia, alifumbua jicho. Kifua chake kilikuwa kimetulia.

"Wanaupeleka wapi?"

"Kuwaonyesha na wengine, Mama."

"Halafu wanaurudisha?"

Bi Kijiko alimvutia shuka hadi mabegani.

"Lala, Mama," akasema. "Lala sasa hivi ambapo hakuna moshi."